JE, KUTYUNI INJINI HUPUNGUZA ULAJI WA PETROLI?

Somo la redio kwa watu wazima. Maneno ya mazungumzo kama yalivyosomwa, pamoja na maswali ya kujadiliana.

 

Somo letu la leo linahusu motokaa na fedha. Liko neno moja linalosemwa sana katika vituo vya teksi, katika gereji na katika vijiwe vya bodaboda. Husemwa hivi: "Gari lako linakula mafuta mno. Lipeleke kwa fundi akalityuni." Wapo waliofanya hivyo, nao huapa kwamba tangu siku ile gari halinywi mafuta kama zamani. Wapo wengine waliofanya vile vile wasione tofauti yo yote, nao husema kutyuni ni kumlisha fundi tu. Basi nani asemaye kweli?

Nitawapeni jibu kwanza, kisha tulichunguze pamoja. Wote wawili husema kweli, kila mmoja kwa gari lake. Kutyuni injini hurudisha kilichopotea. Hakuongezi kisichokuwapo. Kama injini yako imeharibika mahali fulani, kuitengeneza kutakupunguzia petroli, na pengine sana. Kama ni nzima, fundi hana cha kukurudishia, hata awe hodari namna gani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye gari ni kujua kama kuna kilichopotea, nayo haihitaji ufundi. Yahitaji kalamu, daftari na hesabu ya kugawanya.

MAANA YA KUTYUNI

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Kutyuni ni kuisawazisha injini ili kila sehemu ifanye kazi yake kwa kipimo kilichowekwa na kiwanda na kwa wakati wake. Ni kama mpiga gitaa anavyokaza na kulegeza nyuzi mpaka sauti zipatane. Gitaa haliongezeki nyuzi. Nyuzi zile zile zinarudishwa mahali pake.

Siku hizi neno hili lina maana ya pili. Wapo wanaobadili maagizo yaliyomo ndani ya kompyuta ya gari ili lipate nguvu na mwendo zaidi ya ule wa kiwandani. Hayo ni mambo mengine. Anayetaka mwendo zaidi, kwa kawaida huutumia, na anayeutumia huulipia kwa petroli. Leo tunazungumza juu ya maana ya kwanza, yaani kuirudisha injini katika hali yake.

NDANI YA INJINI

Motokaa ya petroli hupata nguvu kwa kuchoma petroli ndani ya silinda. Lakini petroli haiungui peke yake, lazima ichanganywe na hewa. Kipimo chake kinajulikana: kilo 1 ya petroli huhitaji kilo 14.7 za hewa ili yote iungue barabara. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi, hiyo ni hewa nyingi sana. Lita moja tu ya petroli huhitaji lita 9,000 hivi za hewa. Fikirini mapipa 45 ya lita 200, yote yamejaa hewa, na mbele yake chupa moja ya petroli. Hicho ndicho kipimo.

Petroli ikizidi, mchanganyiko huwa mzito. Sehemu ya petroli hukosa hewa ya kuungulia, ikatoka nje kwa ekzosi bila kufanya kazi. Hewa ikizidi, mchanganyiko huwa mwepesi, injini ikakosa nguvu, ikakwama-kwama na kupata joto.

Jambo la pili ni cheche. Mchanganyiko ukishaingia, pistoni huukandamiza, kisha plagi hutoa cheche ya kuuwasha. Katika injini ya silinda 4 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, zatakiwa cheche 6,000 kila dakika, na kila moja itoke kwa wakati wake hasa. Ikichelewa kidogo, moto huifuata pistoni iliyokwisha kushuka, na joto lake hutoka bure. Isipotoka kabisa, petroli ya silinda ile imemwagwa. Ndipo mafundi husema "injini inamisi."

Sasa sikilizeni jambo ambalo wauzaji wa maajabu hawapendi kulisema. Hata injini nzima kabisa haiitumii petroli yote kwa mwendo. Ukinunua petroli ya shilingi 100, ni kama shilingi 20 tu ndizo zinazofika kwenye magurudumu ya gari la kawaida. Sehemu kubwa ya nyingine hutoka kama joto kwa rejeta na kwa ekzosi. Hizo hakuna fundi awezaye kukurudishia, kwa maana ndivyo injini zilivyo. Awezacho kukurudishia ni zile zinazopotea zaidi ya hizo, kwa sababu kitu fulani kimechakaa, kimeziba au kimelegea.

MAGARI YA KABURETA, NA PIKIPIKI

Katika magari ya zamani, yale yaliyotengenezwa mpaka miaka ya 1980, kazi ya kuchanganya hewa na petroli ilifanywa na kabureta. Kabureta haina akili. Ina boya, vitundu na skrubu. Fundi akikaza skrubu hivi, mchanganyiko hubaki hivyo hivyo, iwe mvua au jua, mpaka mtu mwingine aje kuigeuza. Cheche nazo zilitegemea platini, vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana maelfu ya mara kila dakika. Platini ziliungua na kusagika. Zikisagika, nafasi kati yake hubadilika, na wakati wa cheche hubadilika pia.

Kwa hiyo gari la namna ile lilipoteza usawa wake polepole kila siku, hata kama dereva alikuwa mwangalifu. Ndiyo sababu vitabu vya magari yale viliagiza injini itazamwe kila baada ya mwendo fulani. Mzee anayewaambia kwamba zamani akityuni gari lake aliona nafuu kwenye petroli, anasema kweli. Kila mara palikuwa na kitu cha kurudisha.

Msidhani kabureta zimekwisha. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika miji na vijiji vyetu bado zinazo. Na hapa kuna jambo la kuangalia. Tuseme pikipiki imerekebishwa Dar es Salaam, kando ya bahari, kisha ikapelekwa Mbeya, mji ulio kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyembamba kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Kabureta haijui kwamba imehama. Yaendelea kutoa petroli nyingi kuliko inavyoipasa hewa ile, na mchanganyiko huwa mzito. Mwenye pikipiki huona nguvu zimepungua na mafuta yanakwisha upesi, akafikiri ameuziwa chombo kibovu. Chombo si kibovu. Chahitaji kurekebishwa kwa hewa ya mahali kilipo.

Mwenye chombo cha kabureta anaweza kujua mengi kwa kuitazama plagi. Injini ikipoa, ifungueni na kuitazama ncha yake. Ikiwa ya hudhurungi, kama rangi ya udongo mkavu, mchanganyiko ni mzuri. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi ya chungu, petroli inazidi. Ikiwa nyeupe, hewa inazidi. Plagi nyeusi ni fedha zako zilizogeuka masizi.

MAGARI YENYE KOMPYUTA

Katika miaka ya 1970 mambo yalianza kubadilika. Mwaka 1976 kampuni ya Volvo ilianza kuuza Marekani magari yenye sensa ya oksijeni iliyotengenezwa na kampuni ya Bosch. Sensa hii hukaa katika bomba la ekzosi. Kazi yake ni kuunusa moshi na kuiarifu kompyuta ya gari kama hewa imezidi au imepungua. Kompyuta nayo hupunguza au huongeza petroli papo hapo, kisha husikiliza tena. Hufanya hivyo mara nyingi kila dakika, kutwa nzima. Petroli haipiti tena katika kabureta, bali hupulizwa kwa nozeli, na platini zimeondolewa kabisa. Magari mengi ya petroli yanayopita katika barabara zetu leo ni ya namna hii.

Maana yake ni nini kwetu? Maana yake ni kwamba gari hili hujityuni lenyewe njiani. Hakuna skrubu ya mchanganyiko ya kugeuza wala nafasi ya platini ya kupima. Fundi akisema ametyuni gari la namna hii, mara nyingi amebadilisha plagi na chujio la hewa, na kusafisha mahali hewa inapoingilia. Kama vitu hivyo vilikuwa vimechakaa, amekutendea wema. Kama vilikuwa vizima, amekuuzia vipya badala ya vizima.

Tuchukue mfano wa chujio la hewa. Watu wengi huamini kwamba likichafuka gari hula mafuta sana. Mwaka 2009 wataalamu wa maabara ya taifa ya Oak Ridge, nchini Marekani, walilipima jambo hili. Waliyachukua magari ya kisasa, wakayaziba machujio yake kwa makusudi, wakayapima. Ulaji wa petroli haukubadilika kwa kiasi cha kuhesabika. Kilichopungua ni wepesi wa gari linapokanyagwa kwa nguvu. Sababu ni hiyo hiyo tuliyoitaja: kompyuta hutoa petroli kwa kipimo cha hewa inayoingia. Hewa ikipungua, petroli nayo hupunguzwa. Lakini kwa gari la zamani la kabureta, chujio jipya badala ya lililoziba laweza kuleta nafuu ya asilimia 2 mpaka 6.

Msinielewe vibaya. Sisemi muache machujio yachafuke. Vumbi likipita huila injini kama mchanga ulavyo jino la jembe. Nasema tu kwamba chujio la gari la kisasa hubadilishwa ili injini iishi, wala si ili petroli ipungue.

KOMPYUTA NAYO HUDANGANYIKA

Je, gari lenye kompyuta haliwezi kupoteza petroli? Laweza, na likipoteza hupoteza vibaya kuliko lile la kabureta. Kompyuta huamini inayoambiwa na sensa zake. Sensa ya oksijeni ikifa, kompyuta hubaki kama mpishi asiyeonja: hutia kwa kukisia, na mara nyingi huzidisha.

Liko jambo moja linalofanywa sana katika gereji zetu, nalo ni kuitoa themostati. Themostati ni mlango mdogo unaoyazuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate joto lake. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi huing'oa na kuitupa, wakisema sisi watu wa nchi za joto hatuihitaji. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata moto, na mwendoni huenda isiufikie kabisa. Sensa ya joto huiambia kompyuta kwamba injini bado ni baridi. Kompyuta nayo huongeza petroli, kama dereva wa zamani alivyovuta choki asubuhi. Gari linakwenda siku nzima kana kwamba ndiyo kwanza limewashwa. Mwenyewe analipa kila siku kwa kipande ambacho bei yake ni ndogo, na ugonjwa uliolifanya gari lichemshe bado umo.

Taa ya njano yenye picha ya injini ikiwaka, msiizibe kwa karatasi wala msiizoee. Pelekeni gari likasomwe kwa mashine. Lakini jueni kwamba mashine haisemi "nunua kitu fulani." Husema mahali palipo na malalamiko. Sensa inayolalamika huenda ni nzima, na kibovu ni waya wake au plagi inayomisi. Fundi mzuri hutafuta sababu kabla ya kukutuma dukani. Na plagi inayomisi msiiache kwa siku nyingi, kwa kuwa petroli isiyoungua huenda kuungulia ndani ya kichujio cha moshi, kile ambacho wengi hukiita masega, na kukiyeyusha.

NI KIASI GANI?

Sasa twaweza kutaja kiasi. Serikali ya Marekani, ambayo imepima magari mengi kwa miaka mingi, inawaambia wananchi wake hivi: gari ambalo kweli limepoteza usawa, likitengenezwa, hupata nafuu ya wastani wa asilimia 4. Na kama kosa ni kubwa, mfano sensa ya oksijeni iliyokufa, nafuu yaweza kufika hata asilimia 40.

Angalieni namba hizo mbili. Ya kwanza ni ndogo, nayo ndiyo ya kawaida. Ya pili ni kubwa, nayo ni ya ugonjwa mzito. Mtu akikuahidi asilimia 40 kabla hajakuonyesha ugonjwa, shika mfuko wako.

KUPIMA MWENYEWE

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi fanyeni hivi.

Kwanza, jaza tangi mpaka bomba la kituo likate lenyewe, kisha usiongeze. Andika namba ya kilomita iliyoko kwenye dashibodi. Tuseme ni 84,210.

Pili, endesha kama kawaida yako mpaka tangi lifike nusu au chini ya hapo.

Tatu, rudi kituo kile kile, na ikiwezekana pampu ile ile. Jaza tena mpaka bomba likate. Andika lita zilizoingia na namba mpya ya kilomita. Tuseme zimeingia lita 30, na namba ni 84,510.

Nne, toa na gawanya. Umekwenda kilomita 300 kwa lita 30, yaani kilomita 10 kwa lita.

Lakini msiishie hapo. Kipimo kimoja hudanganya. Siku moja kuna foleni, siku nyingine barabara ni tupu. Leo umebeba magunia, kesho uko peke yako. Kwa hiyo pimeni mara tatu kabla ya kutengeneza na mara tatu baada yake, katika njia zile zile na kazi zile zile.

Tuchukue mfano. Kabla ya fundi, dereva alipata kilomita 9.8, kisha 10.3, kisha 9.9 kwa lita. Wastani wake ni 10. Baada ya fundi alipata 10.2, kisha 10.6, kisha 10.4. Wastani ni 10.4. Hiyo ndiyo nafuu ya asilimia 4. Sasa angalieni: dereva yule angalipima mara moja tu kila upande, akapata 10.3 kabla na 10.2 baada, angalisema fundi ameliharibu gari. Na kama angalipata 9.8 kabla na 10.6 baada, angalimsifu fundi kupita kiasi. Ndiyo sababu mabishano ya kijiweni hayaishi. Kila mmoja ana kipimo kimoja.

Liko jambo jingine linalotudanganya. Baada ya kulipa, injini hunguruma vizuri. Gari likiwa sailensa, kama mafundi wasemavyo, yaani limesimama huku linanguruma, halitetemeki tena. Mwenyewe hufurahi, akaliendesha kwa upole kwa siku chache ili asiiharibu kazi ya fundi. Petroli hupungua kwa sababu ya mguu wake, lakini sifa humwendea fundi. Sikio si kipimo cha petroli.

HESABU YA FEDHA

Haya, tuje kwenye fedha. Kwa wepesi wa hesabu, tuseme lita moja ya petroli ni shilingi 3,000, na kazi ya fundi pamoja na vipuri ni shilingi 60,000. Tuseme pia gari lina kosa dogo, na nafuu itakayopatikana ni ile ya asilimia 4.

Dereva wa teksi huenda kilomita 150 kwa siku. Kwa kilomita 10 kwa lita, hutumia lita 15. Asilimia 4 ya lita 15 ni sehemu 6 za kumi za lita, yaani shilingi 1,800 kwa siku. Gawanya 60,000 kwa 1,800. Siku ya 34 ya kazi fedha yake imerudi, na tangu hapo anapata faida.

Mwalimu huenda kazini na kurudi kilomita 20 tu kwa siku. Hutumia lita 2. Asilimia 4 yake ni shilingi 240. Gawanya 60,000 kwa 240. Ni siku 250, karibu mwaka mzima wa kazi. Kwa mwalimu huyu, petroli peke yake si sababu ya kutosha ya kumlipa fundi. Huenda ana sababu nyingine, mathalani injini kuwaka kwa shida asubuhi, lakini aijue sababu yake na asijidanganye kwamba anaweka akiba.

Sasa tuchukue gari lenye ugonjwa mzito. Teksi iliyokuwa ikienda kilomita 10 kwa lita sasa yaenda 7. Kwa kilomita 150 hutumia zaidi ya lita 21 badala ya 15. Dereva hupoteza zaidi ya shilingi 19,000 kila siku. Shilingi 60,000 za fundi zitarudi katika siku nne. Anayesema "nitatengeneza mwisho wa mwezi nikipata fedha" ataitafuta fedha hiyo huku inamwagika nyuma ya gari lake.

NANI ALIPE?

Hapa lipo jambo zito kuliko plagi na sensa. Madereva wengi hawamiliki magari wanayoyaendesha. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenye gari, hesabu ile ile, gari likila kidogo au likila sana. Petroli hutoka mfukoni mwa dereva. Matengenezo ya injini ni ya mwenye gari.

Angalieni linalotokea. Sensa imekufa. Dereva anapoteza shilingi 19,000 kwa siku, lakini kutengeneza si kazi yake. Mwenye gari ndiye awezaye kutengeneza, lakini hapotezi kitu, maana hesabu inafika kama kawaida. Basi gari linabaki bovu miezi mingi, na dereva anafanya kazi saa nyingi zaidi ili kujaza pengo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni kwamba mwenye dawa haumwi, na anayeumwa hana dawa.

Daftari laweza kusaidia hapa. Dereva akimwendea mwenye gari na kusema "gari linakula sana," atajibiwa kwamba madereva wote husema hivyo. Akimwendea na kurasa mbili zenye tarehe, kilomita na lita, akamwonyesha kwamba mwezi wa tatu lilikwenda 10 na mwezi wa tano linakwenda 7, hayo si malalamiko tena. Ni ushahidi. Na mwenye gari mwenye busara atajua pia kwamba gari linalokula petroli hivi leo litakula injini yake kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanaweza hata kukubaliana kugawana gharama, kila mmoja kwa faida atakayoipata.

KABLA YA KWENDA KWA FUNDI

Mwisho, yapo mambo yanayokula petroli ambayo hayamo ndani ya injini.

Tairi. Kila paundi moja ya upepo inayopungua katika tairi zote huongeza ulaji kwa karibu sehemu 2 za kumi za asilimia. Ni kidogo, lakini upepo ni rahisi kuliko plagi, na tairi yako itadumu.

Breki. Baada ya mwendo, sogeza mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Moja likiwa na joto kuliko wenzake, huenda breki yake inashika, na injini inavuta gari lililofungwa kamba.

Mguu wa dereva. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kukanyaga kwa pupa na kufunga breki kwa ghafula hupoteza asilimia 10 mpaka 40 katika mwendo wa mjini. Na katika barabara kuu, ukipita kilomita 80 kwa saa, hewa inayolipinga gari huongezeka upesi, na petroli nayo huongezeka upesi. Mtu aliyekanyaga kwa pupa njia nzima kwenda kutyuni gari aliacha dawa nyumbani.

Na kuna wale wanaouza sumaku za kufunga kwenye bomba la petroli, vidonge vya kutia ndani ya tangi, na visanduku vya kuchomeka. Idara ya mazingira ya serikali ya Marekani imevipima vifaa zaidi ya 100 vya namna hiyo. Vichache sana vilileta nafuu yo yote, tena ndogo. Mwenye kuuza akikuonyesha barua za wateja walioshukuru, mwombe daftari lao.

Basi tukusanye tuliyojifunza. Gari la kabureta na pikipiki ya kabureta hupoteza usawa wake polepole, na kuvirekebisha mara kwa mara kuna faida. Gari lenye kompyuta hujisawazisha lenyewe, na likiwa zima halina cha kutyuniwa. Likiugua, dalili zake huonekana katika taa na katika daftari, na hapo kutengeneza si anasa bali ni kuokoa fedha. Anayepima kabla ya kulipa humsaidia hata fundi mwaminifu, kwa sababu kazi yake itaonekana.

Kwa leo tunaishia hapa. Kwaherini.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Gari limekwenda kilomita 270 kwa lita 30. Baada ya kutengenezwa limekwenda kilomita 290 kwa lita 29. Tafuteni kilomita kwa lita kila mara. Je, vipimo viwili hivi vinatosha kumsifu fundi? Elezeni sababu.

2. Ni nani kati yenu mwenye chombo cha kabureta? Itazameni plagi yake pamoja. Rangi yake yasema nini?

3. Mwenye gari na dereva wamekutana. Sensa mpya na kazi ya fundi ni shilingi 90,000. Dereva anapoteza shilingi 6,000 za petroli kila siku. Pangeni makubaliano ambayo nyote mnayaona ya haki.

4. Kila mwenye chombo aanze daftari juma hili. Mtakapokutana tena, wekeni madaftari mezani kabla ya kuanza kubishana.